Kuung'oa Master Sword katika Breath of the Wild: Mwongozo kwa Mwenye Mioyo Isiyotosha

Jioni moja ya mwezi Julai, umeme ukiwa umekatika huku kwetu Kisasa, Dodoma, na mashine ya michezo ya Switch ikiendelea kwa chaji iliyobaki, mpwa wangu alinifuata barazani na uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Mjomba," akasema, "upanga umeniua." Alikuwa amehangaika siku 2 kuuvuka msitu wa ukungu, akaufikia Master Sword, upanga aliousikia kwa wenzake wa shule, akaushika mpini na kuuvuta kwa nguvu zote, mpaka Link, shujaa wa mchezo, akaanguka chini na kufa mbele ya mti mkubwa. Akarudia mara 3 kwa kudhani kwamba alikuwa anabonyeza pedi vibaya. Nilipoangalia juu ya kioo nikakuta ana mioyo 9, zile alama za uhai wa Link.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wanaoucheza mchezo huu bila kuelewa vizuri maandishi yake, kwa sababu Breath of the Wild haina Kiswahili na mambo ya lazima yamefichwa ndani ya mazungumzo ya Kiingereza yanayopita haraka. Majina ya mahali na vitu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, ili uweze kuyatambua ukiyakuta. Mengine yote nimeyaeleza kwa maneno yetu.

Upanga wenyewe ni upi

Mfululizo wa The Legend of Zelda ulianza Japani mwaka 1986, lakini upanga huu haukuwamo katika mchezo ule wa kwanza. Uliingia mwaka 1991 katika A Link to the Past, ambamo mchezaji alitakiwa kukusanya vidani 3 kabla ya kuruhusiwa kuuchomoa. Mwaka 1998, katika Ocarina of Time, sharti lilikuwa mawe 3 ya kiroho pamoja na wimbo uliofungua mlango wa hekalu, na kijana aliyeuchomoa alilala usingizi wa miaka 7 kabla ya kuamka akiwa mtu mzima. Skyward Sword ya mwaka 2011 ndiyo iliyosimulia asili yake: ulikuwa upanga wa mungu wa kike, ukapitishwa katika ndimi 3 za moto mtakatifu, na ndani yake anaishi roho aitwaye Fi.

Nimetaja historia hii kwa sababu moja tu. Katika matoleo haya upanga unalindwa na sharti, na mchezaji anayelijua sharti hilo mapema huokoa siku nyingi. Katika Breath of the Wild, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017 kwa mashine za Switch na Wii U, sharti ni mioyo 13 ya kudumu. Wepesi wa vidole vyako hauhusiki hata kidogo, wala idadi ya maadui uliowaua, wala ubora wa mavazi yako. Kazi yote ya kuupata inafanyika kabla hujaingia msituni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni hesabu ya darasa la tatu.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya mioyo

Link anaanza mchezo akiwa na mioyo 3, kwa hiyo unahitaji mingine 10. Mioyo hiyo inapatikana kwa njia 2.

Njia ya kwanza ni mahekalu madogo yaliyotapakaa nchi nzima, ambayo kwenye kioo huitwa Shrine. Katika mchezo wa msingi yapo 120. Kila unalolimaliza hukupa tufe moja liitwalo Spirit Orb, na matufe 4 ukiyapeleka mbele ya sanamu ya mungu wa kike, Goddess Statue, unachagua mwenyewe kuongezewa moyo mmoja au kuongezewa pumzi, ile duara ya kijani inayopungua Link anapokimbia, anapopanda mlima au anapoelea angani. Sanamu hizi zipo katika vijiji vikubwa. Mbili zilizo rahisi kwa anayeanza ni ya Kakariko na ya Hateno.

Njia ya pili ni wale wanyama 4 wakubwa wa mashine waitwao Divine Beast: Vah Ruta kwa Wazora, Vah Rudania kwa Wagoron, Vah Medoh kwa Warito na Vah Naboris kwa Wagerudo. Ukimshinda adui anayelala ndani ya mnyama mmoja, unaokota moyo mmoja mzima hapo hapo bila kudaiwa tufe lolote. Maana yake ni kwamba mnyama mmoja ana thamani ya mahekalu 4.

Basi hesabu inakwenda hivi. Asiyegusa mnyama yeyote anahitaji matufe 40. Aliyemaliza mnyama 1 anahitaji 36, aliyemaliza 2 anahitaji 32, aliyemaliza 3 anahitaji 28, na aliyewamaliza wote 4 anahitaji matufe 24 tu, mradi matufe hayo yote ameyageuza kuwa mioyo. Matufe 4 ya mwanzo kabisa, yale unayoyapata kwenye Great Plateau, uwanda unaoanzia mchezo, kabla ya kupewa mwavuli wa kuelea, yamo ndani ya hesabu hii. Usiyahesabu mara mbili.

Kosa la mpwa wangu lilikuwa hapa. Alikuwa na mioyo 9, lakini alikuwa ameongeza pumzi mara 4, kwa kuwa alichoka kuporomoka milimani. Ukijumlisha, alikuwa amepata nyongeza 6 za mioyo na 4 za pumzi, yaani nyongeza 10 kamili. Kwa maneno mengine, upanga ulikuwa wake tayari na hakujua. Nitaeleza jinsi tulivyoutoa katika hatua ya tatu.

Jambo moja zaidi kuhusu hesabu: mioyo ya njano haihesabiwi. Ukipika vyakula ambavyo jina lake kwenye kioo linaanza na Hearty, Link huongezewa mioyo ya muda yenye rangi ya njano upande wa kulia wa ile myekundu, na mtu huweza kudanganyika kwamba amefika 13. Upanga unaangalia myekundu peke yake. Nimewaona watu wazima wakibishana juu ya hili hadi chai ikapoa.

Hatua ya pili: kusanya matufe bila kujichosha

Kama hesabu yako haijafika nyongeza 10, rudi njiani. Hapa sitakuorodheshea mahekalu moja baada ya jingine, kwa sababu raha ya mchezo huu ni kuyagundua, lakini ipo namna ya kuyatafuta ambayo inapunguza kuzunguka bure.

Anza na minara. Ipo 15, na kila unaoupanda hukufungulia kipande cha ramani. Watu wengi wakifika juu huruka mara moja kwenda wanakoona panapendeza. Usiruke. Bonyeza analogi ya kulia, kile kijiti cha pedi, ili darubini ifunguke, kisha geuka polepole mzunguko mzima ukitafuta mwanga wa rangi ya chungwa, kwa kuwa hekalu ambalo hujaligusa huwaka rangi hiyo, na likishakamilika huwa la buluu. Kila ukiuona mwanga weka alama papo hapo. Mnara mmoja ukiutumia hivi unaweza kukupa kazi ya jioni nzima. Usiku ndio wakati mzuri zaidi, maana mwanga huonekana kutoka mbali. Anayeijua barabara ya kutoka Kongwa usiku, jinsi taa moja tu ya nyumba inavyoonekana kilomita nyingi kwenye tambarare, ataelewa ninachosema.

Kifaa kiitwacho Sheikah Sensor hutoa mlio unapokaribia hekalu usiloliona, na mlio unaongezeka kasi kadiri unavyoelekea upande sahihi. Ukisikia mlio mahali ambapo hakuna kitu, angalia juu ya kilima, nyuma ya maporomoko ya maji, au ukuta wa mawe unaoweza kuvunjika kwa bomu.

Si mahekalu yote yanayohitaji jasho sawa. Mengine ni mafumbo, mengine ni pambano na adui mmoja wa mashine, nayo huandikwa Test of Strength, na mengine ni baraka tupu, kwa maana kwamba taabu yote ilikuwa kulifikia, na ukiingia unakuta sanduku na mzee anakusubiri kukukabidhi tufe. Ukikuta Test of Strength yenye neno Major mbele yake na silaha zako ni dhaifu, toka. Gusa kile kituo cha mlangoni tu ili uweze kurudi kwa safari ya haraka, yaani kuhamia hapo moja kwa moja kupitia ramani, kisha nenda ukatafute jingine. Tufe la fumbo jepesi na tufe la pambano la jasho yana thamani ileile mbele ya sanamu.

Kuhusu wanyama wa mashine, wengi huanza na Vah Ruta, na mimi naunga mkono, kwa kuwa njia ya kwenda Zora's Domain, makao ya Wazora, ina watu wanaokuelekeza tangu mwanzo. Kama mchezo bado unakuwia mgumu, waache wanyama hao uende na mahekalu peke yake. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwamaliza kabla ya kuuchukua upanga.

Hatua ya tatu: sanamu yenye pembe

Hii ndiyo hatua ambayo video nyingi huipita juu juu, ilhali ndiyo iliyotuokoa sisi.

Katika kijiji cha Hateno, mbali kidogo na nyumba, karibu na kidimbwi kiitwacho Firly Pond, imesimama sanamu ya kutisha yenye pembe. Ukizungumza nayo inakunyang'anya sehemu ya uhai wako kwanza, halafu inakurudishia kwa umbo unalolitaka, moyo au pumzi. Mara hiyo ya kwanza ni bure. Baada ya hapo inakuwa biashara: inanunua moyo mmoja au kipande kimoja cha pumzi kwa rupee 100, ndizo fedha za mchezo, na ukitaka kununua kimoja cha aina yoyote inakuuzia kwa rupee 120. Wana Dodoma wanaijua biashara ya namna hii; ni mkopo wa kausha damu, isipokuwa huyu mkopeshaji ana adabu ya kutoza 20 tu juu ya 100 na hakufuati nyumbani.

Kwa hiyo mtu mwenye mioyo 9 na nyongeza 4 za pumzi anauza pumzi 4 na kununua mioyo 4. Kila badiliko linamgharimu rupee 20, jumla 80, na akitoka hapo ana mioyo 13. Ukitaka kuuza kimoja kimoja na kununua papo hapo, inatosha kuwa na rupee 20 mfukoni unapoanza kila badiliko, kwa kuwa ile 100 unayolipwa unaijumlishia. Ukipungukiwa, uza mawe ya thamani au nyama iliyopikwa kwa mfanyabiashara yeyote.

Faida ya njia hii ni kwamba hesabu yako ya kweli si mioyo uliyonayo bali nyongeza zote ulizowahi kupata. Zikifika 10, usitafute hekalu jingine hata moja. Nenda Hateno.

Hatua ya nne: maandalizi madogo kabla ya msitu

Acha nafasi moja wazi kwenye mfuko wa silaha, hata ikibidi kutupa rungu ulilolizoea. Jaza mioyo yote. Usiende na mioyo 13 ambayo 2 kati yake ni mitupu.

Kisha angalia pedi yako. Ushauri huu hautauona katika miongozo ya Ulaya, lakini kwetu una uzito. Vumbi la Dodoma, hasa miezi ya kiangazi upepo unapokuwa hautulii, huingia chini ya analogi na kuifanya ijisukume yenyewe, na Link huanza kutembea pole pole ilhali hujamgusa. Sehemu nyingine za mchezo hili ni kero tu. Ndani ya msitu wa ukungu ni kifo cha safari, kwa sababu unaposimama kutazama njia Link anakwenda zake pembeni, na hatua chache za pembeni zinatosha kukurudisha mwanzo. Mimi mwenyewe nilirudishwa mara 5 kabla sijagundua kwamba tatizo halikuwa macho yangu. Fungua mipangilio ya mashine, nenda sehemu ya pedi na vihisi, chagua kusahihisha analogi, na ufuate maelekezo yake. Pedi isiyotumika ifunikwe kitambaa au iwekwe kwenye mfuko, isiachwe dirishani.

Hatua ya tano: kuuvuka Lost Woods

Msitu upo kaskazini ya kasri la Hyrule Castle, umezungukwa na maji na magenge. Fungua kwanza mnara wa Woodland Tower ulio kusini-mashariki yake, ili ukishindwa usianze safari upya kutoka mbali. Shika njia ya udongo inayoingia msituni kwa miguu. Usijaribu kuelea kutoka juu ukadhani umeukwepa ukungu; utamezwa na kurudishwa kama wengine.

Ukungu unavyofanya kazi ni hivi. Ukiwa kwenye njia sahihi, unaona miti iliyo karibu vizuri. Ukianza kupotea, weupe unazidi, miti inafifia, unasikia vicheko, kisha kioo kinakuwa cheupe kabisa na unajikuta mlangoni. Kati ya weupe kuzidi na kioo kufutika kuna nafasi fupi, na ukigeuka mara moja kurudi ulikotoka unaokoka. Kwa hiyo tembea, usikimbie. Anayekimbia hapati muda wa kugeuka.

Sehemu ya kwanza inaongozwa na mienge iliyosimikwa ardhini ikiwaka. Tafuta mwenge unaofuata, uufikie, simama, tafuta mwingine, endelea. Miti yenye vinywa wazi kama watu waliopiga mwayo isikutishe wala isikuongoze, ni mapambo. Endelea hivyo mpaka ufike mahali penye moto ambapo ukizunguka huoni mwenge mwingine wowote mbele.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mienge imekwisha, sasa unaongozwa na upepo. Chukua mwenge unaoukuta hapo, au silaha yoyote ya mbao, uuwashe kwenye moto, uushike mbele na utulie. Tazama cheche. Usiutazame ulimi wa moto wenyewe, kwa kuwa huo unayumba huku na huku. Tazama vile vipunje vyekundu vinavyoruka kutoka kwenye moto na kuelea. Vinakwenda upande mmoja. Huko ndiko njia iliko. Piga hatua kadhaa kuelekea huko, kisha simama tena, kwa sababu upepo unageuka njiani na cheche zitakuonyesha upande mpya. Hatua chache, simama, tazama, geuka, hatua chache tena.

Nilipomweleza mpwa wangu jambo hili hakuelewa, mpaka nikamtoa uani ambako mama yake alikuwa anapepea jiko la mkaa. Upepo wa jioni ulikuwa unavuma, na kila alipopepea, cheche ziliinuka, zikajipinda zote kuelekea kwenye nyumba ya jirani na kuzimika hewani. Nikamwuliza, "Ungekuwa unafuata cheche, ungekwenda wapi?" Akaonyesha kwa kidole. Jioni ile alivuka msitu mara ya kwanza bila kurudishwa, na jirani akabaki akishangaa kwa nini tunanyooshea kidole dirisha lake.

Ukifuata hivyo kwa dakika chache ukungu utapasuka, njia itakuwa nyembamba kati ya miti, na utatokea mahali penye mwanga ambapo jina Korok Forest litaandikwa kwenye kioo.

Hatua ya sita: kuung'oa

Kabla ya yote, na namaanisha kabla hata hujauangalia upanga, tafuta hekalu la Keo Ruug lililomo humo humo na ugonge kituo chake. Kuanzia hapo unaweza kurudi Korok Forest kwa safari ya haraka wakati wowote, na hutauona tena ule ukungu usipotaka.

Hekalu hilo lina faida nyingine. Kama umefika ukiwa na mioyo 12, yaani umepungukiwa mmoja tu, usikate tamaa. Keo Ruug lina tufe lake, ukitatua fumbo la kuhesabu makundi ya nyota, na wale viumbe wadogo wa majani waitwao Korok watakupa majaribio 3 ndani ya msitu, kila moja likiishia kwenye hekalu lake. Hayo ni matufe 4. Nenda nayo kwa sanamu ya mungu wa kike, chukua moyo, rudi kwa safari ya haraka.

Mbele ya upanga amesimama Great Deku Tree, mti mzee wenye uso na nyusi za majani. Miongoni mwa mibuyu yetu ya hapa imo inayofanana naye kwa unene na kwa mikunjo ya gome, na tofauti ni kwamba huyu anasema waziwazi anachofikiri. Atakuonya kwamba upanga unapima uhai wa anayeushika. Ndani ya shina lake kuna kitanda cha majani. Kama mioyo yako haijajaa, lala hapo kwanza.

Sasa simama mbele ya jiwe, shika mpini na ubonyeze kitufe unachoonyeshwa. Mioyo itaanza kupungua mmoja baada ya mwingine, pedi itatetemeka, na Link atainama kwa maumivu. Mwenye mioyo 13 myekundu asiachie, hata ikionekana kwamba yote inakwisha. Upanga utatoka ikiwa imebaki chembe tu. Mwenye pungufu aachie mapema, kwa maana akiendelea mpaka mwisho atakufa kama alivyokufa mpwa wangu, na hakuna ujanja wa vidole utakaobadilisha hilo. Upanga ukitoka, utaonyeshwa kumbukumbu ya zamani ya binti mfalme Zelda na upanga huo. Usiiruke, ni fupi na inaeleza kwa nini ulikuwa hapo.

Hatua ya saba: kuutumia bila kuupoteza bure

Kama ulibadilisha pumzi kuwa mioyo, rudi Hateno urudishe pumzi zako kwa bei ileile. Upanga ukishatoka hauangalii tena mioyo yako.

Master Sword hauvunjiki, tofauti na silaha nyingine zote ambazo zimekuzoesha kuvunjika katikati ya pambano. Badala yake unaishiwa nguvu, na ukiishiwa unakaa dakika 10 ndipo urudi. Kwa hiyo usiutumie kukatia miti wala kuwindia nguruwe. Nguvu yake ya kawaida ni 30, ambayo si kubwa ukilinganisha na silaha nzito za baadaye, na wachezaji wengi huvunjika moyo wakiiona namba hiyo. Lakini ukikaribia zile mashine za Guardian, au ukiwa ndani ya wanyama wa mashine, au ndani ya Hyrule Castle, makali yanawaka buluu na nguvu inapanda hadi 60, nao unadumu muda mrefu zaidi kabla ya kuchoka. Ninaona ni busara kuuweka mfukoni kwa ajili ya maadui hao tu. Mioyo yako ikiwa imejaa yote unaweza pia kurusha miali kwa kitufe cha R, ila kila mwali unakula nguvu ya upanga.

Anayetaka uwake hivyo siku zote, popote alipo, anahitaji nyongeza inayouzwa kando iitwayo Expansion Pass, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka tarehe 30 Juni 2017. Ndani yake kuna jaribio la Trial of the Sword, unaloliingia kwa kuurudisha upanga kwenye jiwe lake. Unavuliwa nguo, silaha na chakula, na kuokota kila kitu upya chumba hadi chumba. Lina awamu 3. Ya kwanza huipandisha nguvu ya upanga hadi 40, ya pili hadi 50, ya tatu hadi 60 ya kudumu. Ukifa katikati ya awamu unaianza upya. Usiingie ukiwa na chaji ya nusu saa na umeme haupo.

Kwa mwenye Tears of the Kingdom

Mchezo uliofuata, wa tarehe 12 Mei 2023, umelibadilisha sharti. Mioyo haiulizwi tena. Kinachotakiwa ni pumzi, duara 2 kamili. Unaanza na duara 1, na kila nyongeza ni sehemu ya tano ya duara, hivyo unahitaji nyongeza 5, yaani zile taa za Light of Blessing 20. Upanga haupo msituni bali umechomekwa kichwani mwa joka jeupe linalozunguka angani, Light Dragon, na namna rahisi ya kulifikia ni kuruka kutoka kisiwa cha juu lipitapo chini yako, kisha kutembea mgongoni mwake hadi kwenye paji la uso. Aliyeongeza mioyo peke yake na kusahau pumzi bado ana pa kwenda: ile sanamu ya pembe imeondoka Hateno, na sasa inafanya biashara yake katika njia ya chini kwa chini iliyo chini ya kambi ya Lookout Landing.